Mkorosho Unaozaa Haupasuliwi Kuni

(Mhadhara wa bwana samaki mstaafu mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wanafunzi, Mikindani, Mtwara)

Asalaam alaykum. Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa BMU (kikundi chetu cha kusimamia uvuvi ufukweni), wazee wangu, akina mama wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona.

Nimetakiwa nizungumzie wanyama walio hatarini kutoweka. Karatasi ya mwaliko imeorodhesha tembo, faru, nguva, kasa, mbwa mwitu na silikanti, wote ndani ya nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka. Haya, tuanze na kasa, tuone tutafika wapi.

Juzijuzi nilialikwa kwenye shughuli ya kuachia watoto wa kasa ufukweni. Turubai, viti vya plastiki, muziki, wageni wenye fulana mpya. Vitoto mia na ushee vinakimbilia majini, watu wanapiga picha, wanapiga makofi. Na mimi nilipiga, sikatai. Jioni hiyohiyo napita dikoni nakuta gamba la kasa jike limefunikwa makuti, upana wake kama meza ya kahawa. Nauliza, najibiwa, "La zamani hilo, mzee." La zamani, na nzi bado wamelijaa!

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelisema mpaka nimechokwa. Kila anayekuja kutufundisha habari za kasa anahesabu mayai. Yai ni mche. Wewe mtu wa Mtwara, nikikwambia nimepanda miche mia ya mikorosho, lakini ile inayozaa nimeikata yote nikapasua kuni, utanipeleka kwa mganga. Tena mkorosho una nafuu, miaka mitatu minne unaona maua. Kasa uziwa, huyu tunayemwona sana, anakaa miaka 25, 30, wengine zaidi, ndipo anapanda mchangani kutaga kwa mara ya kwanza. Na katika vitoto 1,000, wataalamu wanakadiria anayefikia umri huo ni mmoja. Kwa hiyo pigeni hesabu: siku ile, kwa makofi yote yale, tuliachia baharini sehemu ya kumi ya kasa mmoja. Kasa mzima alikuwa chini ya makuti.

Anayemmaliza ni nani? Jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, wenye macho mapana. Kasa si samaki, ana mapafu kama wewe. Jarife unalitega magharibi, unalivuta alfajiri. Akinasa usiku wa manane hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, na kadiri anavyopapatika ndivyo hewa inavyomwishia.

Nikiwa bado kazini nilipanda mashua na wavuvi wa upande wa Msimbati. Bwana samaki akiwa chomboni kila mtu ana adabu, hata matusi yanapungua. Alfajiri tunavuta jarife: taa wawili, papa mdogo mmoja, halafu uzito. Kijana akasema jiwe. Kumbe kasa. Wavu umemzunguka shingoni na pezi la mbele mara tatu, macho yamefumba, kichwa kinaning'inia. Nahodha akanitazama, akasema, "Huyu maiti, bwana samaki. Maiti hana sheria." Nusura nimkubalie.

Kulikuwa na baharia mmoja mzee pale, akasema, "Mlazeni kifudifudi." Sikieni: kifudifudi. Nyie mnapenda kumlaza chali asikimbie, na akiwa chali matumbo yote yanamlalia mapafu. Mzee akachukua fungu la kamba akaliweka chini ya sehemu ya nyuma, akamwinua kama shibiri moja, kichwa kikawa chini. Maji yakaanza kumchuruzika puani. Akalowesha gunia akamfunika gamba, pua akaziacha wazi, akamkinga jua kwa tanga. Tukaendelea na kazi. Kila baada ya muda mzee anamgusa pembe ya jicho kwa kidole. Saa nzima, kimya. Saa ya pili, kimya. Nahodha ameshaanza kugawa nyama kwa mdomo, paja la nani, utumbo wa nani. Mzee akagusa tena, jicho likacheza. Mara kasa akavuta pumzi, sauti yake kama pampu ya baiskeli. Nahodha alimwaga chai yote.

Hatukumtupa majini hapohapo. Angezama vilevile, hana nguvu. Tulimwacha mpaka karibu na adhuhuri, ndipo tukazima mashine na kumteremsha taratibu kwa nyuma ya chombo, kichwa mbele.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Na wavu wangu, mzee, nani atalipa?" Swali halali. Wavu wenyewe wa mkopo, msimu mbaya, watoto shuleni. Lakini ukimkatia kasa wavu haraka unapoteza macho matatu manne ya wavu, unayashona jioni moja huku unasikiliza mpira. Ukimwacha ajing'oe mwenyewe anakuchania pima nzima. Kwa hiyo hata kama humpendi kasa, upende wavu wako.

Mwingine anasema wazee wetu walimla na hawakufa. Wazee wako walikuwa na mtumbwi na nyuzi za katani, bwana. Hawakuwa na nailoni ya kuziba mlango wa bahari. Na kuhusu kufa, Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa kwa kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Sumu ya nyama ile haitoki kwa kuchemsha, na kwa macho huwezi kumjua mwenye sumu na asiye nayo. Habari ya halali na haramu waulizeni masheikh, mimi nabaki baharini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, dakika kumi zimebaki? Tano! Haya.

Silikanti: dunia nzima ilidhani samaki huyu alikwisha pamoja na dainosari, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa kwanza kupatikana Tanzania alinaswa Septemba 2003, Songo Mnara, Kilwa hapo. Alinaswa na nini? Jarife, limetegwa kwenye kina kirefu. Mnaona kwa nini sitoki kwenye jarife? Nguva naye hivyohivyo, naye anapumua hewa, ukimkuta hai mkatie wavu umwachie.

Tembo. Pori la Selous mwaka 1976 walihesabiwa zaidi ya 100,000, mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Ujangili huo. Lakini ndugu zetu wa Liwale, jirani na pori hilo, wanalala shambani wakipiga madebe usiku kucha kumfukuza tembo, na anayekuja kukwambia umpende tembo kabla hajakuuliza mahindi yako yamebaki mangapi, mpe kiti lakini usimsikilize. Nilitaka kueleza uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki ya kumzuia tembo, basi tena. Faru na mbwa mwitu wanisamehe. Baruti ya kuvulia samaki nimeipigia kelele miaka mingi, leo naipumzisha sauti yangu.

Nimekuja na kipande cha jarife, kisu na fungu la kamba. Wenye vyombo msiondoke, tunatoka nje hapo kivulini tuonyeshane wapi pa kukata na namna ya kumlaza. Nahitaji mtu mmoja wa kuwa kasa. Wewe wa mlangoni, ndiyo, wewe mwenye kofia. Njoo ulale kifudifudi.