Kinachobaki Baada ya Hasara

Mhadhara kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Dodoma

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu na wadogo zangu. Mmeniomba nizungumzie shukrani, na jinsi mtu anavyoweza kukua kupitia misukosuko ya kila siku. Nimekubali kwa moyo mweupe, ila kuna jambo moja sitalifanya leo. Sitamwambia mtu yeyote humu ndani ashukuru kwa kupata hasara. Aliyeibiwa simu stendi ya Sabasaba ameibiwa simu. Kumwambia "mshukuru Mungu tu" kabla hata hajakaa chini akapumua ni kumnyamazisha, na wengi wetu tunafanya hivyo kwa sababu hatujui la kusema.

Ninaloamini ni kwamba shukrani ina nafasi yake baada ya hasara. Nafasi hiyo iko kwenye kile kilichobaki, na kwa yule aliyekushika mkono. Ukiipeleka hapo, unakua. Ukiipeleka kwenye hasara yenyewe unajidanganya, na moyo wako unajua.

Nimefanya kazi ya ugani mkoa huu kwa muda mrefu, Bahi, Chamwino na hapa mjini, kwa hiyo mtaniruhusu nianzie shambani.

Mvua zetu mnazijua. Ni za msimu mmoja, milimita 600 hivi kwa mwaka na mara nyingi pungufu, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mkulima wa Ugogo akisubiri mpaka mvua ishike vizuri ndipo apande, amechelewa. Ndiyo maana wengi wanapanda kavu. Mwezi wa kumi na moja, vumbi linatimka, mtama au uwele unafukiwa kwenye udongo usio na tone la maji. Mvua ya kwanza inashuka kwa kishindo, shamba linaota, watoto wanashangilia. Kisha mbingu inafunga. Inapita wiki, zinapita mbili. Majani yanajikunja na kupauka.

Siku kama hizo nilifika kwa bibi mmoja upande wa Mvumi. Nilimkuta amechuchumaa katikati ya mstari, anachimba kwa kidole pembeni ya mche. Anafukua polepole, anautazama mzizi, anafukia, anasogea kwenye mche wa pili. Mzizi ukiwa mweupe, na kaunyevu kidogo, anauacha. Mzizi uliogeuka kahawia na kukatika mkononi, hapo anachomeka kijiti. Ilipofika saa nne, jua limeshakuwa kali, shamba lile lilikuwa na vijiti kutoka mwanzo hadi mwisho, na yeye alikuwa anajua wapi pamekufa na wapi pamelala tu.

Maana mtama una tabia hiyo. Ukikosa maji unasimama. Unakunja majani usipoteze unyevu, unaacha kurefuka, unasubiri. Mvua ikirudi unaendelea pale ulipoishia. Mahindi hayana uvumilivu huo, na ndiyo sababu sisi maafisa ugani tumesema mtama, mtama, mtama, hadi watu wakatuchoka. Mtu akisimama barabarani akalitazama shamba la mtama wakati wa kiangazi cha katikati ya msimu ataliona limekufa lote. Ukweli wake utaupata ukiinama.

Mvua iliporudi, bibi alikwenda kwenye mashimo yaliyoota kwa kusongamana, akang'oa miche ya ziada, akaipandikiza penye vijiti. Pale ambapo miche haikutosha alitia mbegu mpya, ya muda mfupi, kwa sababu msimu ulikuwa umeshakwenda. Mbegu hiyo haikuwa yake. Masuke yake aliyokuwa ameyaning'iniza juu ya meko, moshi uyakinge na fukusi, alikuwa ameshayamaliza kwenye kupanda kwa kwanza. Mbegu ilitoka kwa mke mwenziwe, mama ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa hawajasemezana vizuri tangu kiangazi. Nilipopita tena wakati wa mavuno nikaambiwa kwamba debe la kwanza la mtama lilipelekwa nyumba ya pili kabla halijaingia kwenye kilindo cha kuhifadhia nafaka cha nyumba yake.

Hakuna mahali ambapo bibi yule alishukuru kwa ukame. Ukame aliuchukia, na alikuwa na haki. Alifanya mambo mawili. Aliinama akakagua kipi kizima na kipi kimekufa, asikisie. Halafu aliyemsaidia akamtaja, na akamlipa wema kwa kitu kinachoonekana. Katika kufanya hayo alitoka na ujuzi wa kila kona ya shamba lake, na alitoka na ndugu.

Kuna wataalamu wa saikolojia huko Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ambao katika miaka ya 1990 walichunguza watu waliopatwa na mambo mazito: waliofiwa, walionusurika ajali, waliougua vibaya. Waliona kwamba wengi wao, baada ya muda, walisema wamebadilika kwa namna waliyoithamini. Wapo waliokuwa karibu zaidi na watu wao, wapo waliogundua kwamba wana nguvu ambazo hawakujua wanazo, wapo walioanza njia mpya ya maisha, na wapo ambao imani yao ilipata mizizi. Lakini wataalamu hao walisisitiza jambo ambalo watu hupenda kuliruka. Tukio lenyewe halimkuzi mtu. Kinachomkuza ni kule kuhangaika nalo, kulifikiri, kulisema kwa watu, kujipanga upya. Na maumivu hayaondoki kwa sababu mtu amekua. Vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja.

Mimi naliona jambo hilo kuwa faraja kubwa. Linamwondolea mtu mzigo wa kujifanya amefurahi. Unaweza kulia jioni na asubuhi ukainama kukagua mizizi.

Sasa nitoke shambani nije sokoni, maana wengi wenu mkate wenu uko huko.

Kuna mama lishe mmoja hapa mjini, jina nitaliacha. Anauza chai na chapati kuanzia alfajiri, kwa mafundi na vijana wa bodaboda. Siku moja saa kumi na moja asubuhi ameshakanda unga, madonge yamepangwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa, anawasha jiko, gesi imekwisha. Maduka yamefungwa. Wateja wa kwanza wanafika baada ya nusu saa. Alisimama pale, na wenye biashara hiyo mnajua mtu anafikiria nini muda huo: unga utaharibika, mteja akienda kwa mwingine leo, kesho anaendelea huko huko, na marejesho ni Alhamisi.

Jirani yake wa kibanda anauza maandazi. Kwa lugha ya soko ni mshindani wake. Alimwona, hakuuliza mengi, akavuta jiko lake la mkaa la pili kutoka chini ya meza, akalichochea, akalisukuma upande wa pili. Mama akapika. Kwa sababu ya kuchelewa, madonge yalikuwa yamepumzika muda mrefu kuliko kawaida, na chapati zilitoka laini sana. Wateja wakasema. Tangu siku hiyo anakanda unga mapema, anauacha upumzike ndipo asukume. Na chini ya meza yake sasa kuna gunia dogo la mkaa.

Utasema hayo ni mambo madogo. Ndiyo, na hayo madogo ndiyo nimekuja kuyazungumza. Maisha yetu mengi yanapita kwenye mambo ya ukubwa huo: pancha saa mbili usiku na hesabu ya bosi haijatimia, umeme wa Luku umekata na friji imejaa samaki, kwelea wameshuka shambani siku ambayo watoto wa kuamia ndege wako kwenye mtihani. Mtu asipojifunza kuinama kwenye mambo haya, siku jambo kubwa likija hatajua aanzie wapi.

Nilimuuliza mama yule kama alimshukuru jirani. Akanijibu kwamba alisema asante pale pale, lakini asante yenyewe aliilipa baadaye, jirani alipouguliwa na mtoto, naye akamuuzia maandazi yake siku nzima pamoja na chapati zake, na hela ya maandazi akampelekea yote. Shukrani ya namna hiyo ndiyo ninayoihubiri. Ina jina la mtu na ina siku. Ile ya kusema "namshukuru kila mmoja" kwenye sherehe haina uzito sana, nisameheni ma-MC, wasema chochote.

Naomba niweke mipaka, kwa sababu mada hii ikishikwa vibaya inaumiza watu.

Wazee wa Ugogo wanaisimulia njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Majeshi ya Wajerumani yalichukua nafaka na mifugo, yakaja ya Waingereza nayo yakachukua, vijana wakabebeshwa mizigo ya vita, kisha mvua ikagoma. Watu wengi mno walikufa. Mtu akisimama hapa akasema Mtunya uliwafundisha Wagogo uvumilivu, kwa hiyo tuushukuru, huyo atakuwa amewatukana marehemu. Walionusurika walistahili heshima kwa yale waliyoyafanya kunusuru watoto wao. Njaa yenyewe haistahili kitu. Vivyo hivyo msiba, kupigwa ndani ya nyumba, kudhulumiwa. Mwenye maumivu ya namna hiyo anahitaji watu wa kukaa naye, na pengine daktari, polisi au mwanasheria. Somo la shukrani asipewe na mtu mwingine. Akilifikia mwenyewe, kwa wakati wake, sawa.

Mpaka wa pili: shukrani haifuti madai. Maji yakikatika mtaani kwenu siku nyingi, jirani mwenye tangi akakupa ndoo mbili, mshukuru jirani, na kesho yake nenda ofisini ukaulize maji yatatoka lini. Nimewaona watu wanafundishwa kushukuru ili wasiulize. Kataeni.

Basi tufanye nini? Mwaka 2003 watafiti wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti wao uliohusisha wanafunzi wa chuo. Kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo machache waliyoona wanapaswa kuyashukuru. Kundi la pili likaandika kero zao. La tatu likaandika matukio tu, yoyote. Mwisho wake, walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini zaidi, kuliko walioandika kero. Hata malalamiko yao ya maumivu ya mwili yalikuwa machache zaidi. Halikuwa badiliko la kustaajabisha, lakini lilitokana na kuandika mistari michache kwa wiki.

Sisi hapa tuna kitu ambacho wanafunzi wale hawakuwa nacho. Tuna kikao cha kila wiki. Tuna kasha lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, tuna daftari la hisa, daftari la mikopo, na mfuko wa jamii wa kumsaidia mwenye shida. Tunajua kuandika hasara na faida za fedha hadi shilingi ya mwisho. Ninapendekeza kabla ya kufungua kasha tutenge dakika kumi. Mwanachama mmoja kila wiki, kwa zamu, aseme kilichoharibika wiki hiyo. Akiseme kilivyo, bila kupamba, na asikatizwe na mtu wa kumwambia "usijali." Kisha aseme alipoinama alikuta nini kimebaki kizima. Na amtaje aliyemsaidia, kwa jina. Katibu aandike.

Kutaja jina kuna kazi nyingine msiyoitegemea. Baada ya miezi michache mtafungua daftari mtakuta majina fulani yanajirudia. Kuna mtu kwenye kikundi chenu ambaye amekuwa akikopesha jiko, akilaza watoto wa wenzake, akisukuma pikipiki ya mtu usiku, na hajawahi kuwa kiongozi wala kupigiwa makofi. Mtamjua. Na mtawajua pia wale ambao hawatajwi na hawana wa kumtaja, ambao wakiharibikiwa wanaharibikiwa peke yao. Hao ndio mfuko wa jamii uwafikie kwanza, hata kama hawajaomba, kwa sababu watu wa namna hiyo huwa hawaombi.

Vijana wa bodaboda mlioko nyuma, naona mnatazamana. Najua kusema mbele ya watu kwamba wiki imekuwa mbaya ni kazi kwa mwanaume. Anzeni na pancha. Semeni nani alisimama akawasaidia kuziba, na kama mlirudi kumtafuta.

Ndugu Mwenyekiti, daftari nimeliacha kwa katibu, nimeshalipigia mistari: tarehe, kilichoharibika, kilichobaki, aliyesaidia. Ukurasa wa kwanza haujaandikwa kitu. Kabla hatujaingia kwenye maswali, kama yupo ambaye angependa kuanza leo hii badala ya kungoja Alhamisi, kipaza sauti kiko hapa, na muda tunao.