Vinundu vya Mafuta: Kipi Kitoke, Kipi Kibaki

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na bwana mmoja, dereva wa lori, aliyeingia kliniki akavua shati kabla sijamwambia. Mikononi, tumboni, mapajani: tulihesabu vinundu 31. Vilaini, ukivibonyeza vinateleza chini ya kidole. Baba yake alikuwa navyo, kaka yake anavyo. Akasema, "Daktari, vitoe vyote leo."

Hizo ni lipoma, uvimbe wa seli za mafuta unaokua polepole chini ya ngozi. Si saratani. Vikiwa vingi namna hiyo, mara nyingi ni vya ukoo. Havitokani na kula mafuta, na kupunguza mwili hakuviondoi. Anayekonda huviona vimejitokeza zaidi. Wala si kweli kwamba ukikigusa kimoja kwa kisu vingine vinasambaa.

Basi kwa nini nilimkatalia? Ni kwa sababu ya ganzi. Hapa naomba tukae kidogo. Dawa ya ganzi ya lignokaini ikichanganywa na adrenalini, kiwango cha juu kinachotumika sana ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Bwana yule alikuwa na kilo 60, yaani miligramu 420. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo alikuwa na mililita 42 basi, kwa mwili mzima. Zigawe kwa vinundu 31 muone. Ikizidi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, kisha huja degedege, na moyo unaweza kusimama. Mtu akikuahidi kukutolea vyote kwa kikao kimoja kwa ganzi ya sindano, muulize ameipigiaje hesabu dawa hiyo. Nusu kaputi ni njia nyingine, lakini nayo ina maandalizi na hatari zake.

Kwa hiyo tulichagua. Kimoja kilikaa pale mkanda unapobana. Kingine kwenye kiwiko, anapoegemea dirisha siku nzima. Cha tatu, pajani, kilizidi sentimita 5 na kilikuwa kinakua. Hicho sikukigusa kabla ya kukipiga picha ya kuonyesha ndani ya mwili. Kinundu kikubwa, kinachokua haraka, au kilichojichimbia ndani ya msuli kinaweza kuwa saratani ya mafuta, na saratani hiyo haikatwi kama lipoma. Wakati mwingine tunachukua kwanza kipande kwa sindano. Chake kilikuwa salama.

Siku ya upasuaji nilivichora kwa kalamu kabla ya ganzi. Msilione hilo dogo: dawa ikishaingia, ngozi inafura na kinundu kinapotea mkononi. Nikapasua kwa kufuata mikunjo ya ngozi, mpasuko mfupi kuliko kinundu chenyewe. Nikakizungusha kwa kidole kukiachanisha, kisha nikabana pande zote mbili. Kikachomoza cha njano, kinateleza, kama kokwa la fenesi bivu. Kisitoke nusu, maana kipande kinachobaki huweza kukua tena. Nikakandamiza damu isije ikajikusanya kwenye lile shimo, nikashona. Vyote vitatu vikaingia kwenye chupa za formalini, dawa ya kuvihifadhi, kwenda maabara, kila chupa na jina na mahali kilipotoka. Kwangu hakuna kinundu kinachotupwa kwenye ndoo.

Alikuwa na kingine kifuani, hakiumi, akakitaka nacho. Nikamwonyesha kovu la chanjo begani mwake, limevimba likapita mipaka ya kidonda. Ngozi zetu nyeusi ziko karibu sana na keloidi, yaani makovu ya kuvimba namna hiyo, hasa kifuani na mabegani. Kumtolea mtu kinundu ambacho hakimsumbui, nikamwachia kovu linalowasha miaka yote, mimi siwezi kukuita kutibu.

Alirudi baada ya siku 12 kutolewa nyuzi. Majibu ya maabara yalisema lipoma, zote tatu. Nikamuuliza kuhusu vile 28. Akapapasa mkono wake, akafikiri, akanionyesha kimoja tu karibu na kifundo, pale mkanda wa saa unapopita.