Usukani wa haidroliki tupu: vipimo kabla gari la porini halijagusa lami

Karibuni tena, wakuu. Gari lililo nyuma yangu ni Land Cruiser 79, limetengenezwa kwa ajili ya kupanda mawe. Sogeza kamera hapa chini ya boneti. Mnaona pale palipokuwa na stelingi boksi, lile boksi la gia linalopokea mzunguko wa usukani? Hakuna kitu. Draglinki, fimbo iliyotoka kwenye boksi kwenda kwenye magurudumu, nayo imeondoka. Kutoka usukani hadi magurudumu hakuna chuma chochote kinachoshikana, ni mafuta na hozi tu.

Mfumo unavyofanya kazi ni hivi. Pampu inasukuma mafuta hadi kwenye vali ya obitali, hii hapa chini ya usukani. Ukizungusha, vali inapima mafuta na kuyapeleka upande mmoja wa silinda iliyolala mbele ya ekseli, na yale ya upande wa pili yanarudi kwenye tangi. Greda, fokolifti na matrekta mengi yanaongozwa hivyo hivyo. Porini ni raha tupu: tairi limebanwa katikati ya mawe, unaligeuza kwa mkono mmoja, na kishindo hakirudi kwenye vidole vyako.

Swali linalojaa huko chini ya video ni moja: naweza kwenda nalo barabarani? Mimi nasema lipande lori. Wanaoshiriki Rhino Charge kule Kenya, mashindano ya magari yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, hutafuta njia yao porini mchana kutwa, na huko mfumo huu una kazi yake. Barabara kuu ya kufika huko ni kitu kingine kabisa. Ila najua wapo watakaoendesha hata nikisema nini, kwa hiyo tupime.

Kabla ya kushika spana, ulizia sheria. Kenya nenda NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, Tanzania waone wakaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na kampuni ya bima uiambie wazi kwamba usukani umebadilishwa. Wakikataa, video yako imeishia hapo.

Haya, kazi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, tairi zining'inie. Jaza tangi, na injini ikiwa imezimwa zungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara kadhaa, huku mwenzako akiongeza mafuta. Kisha washa, urudie. Sasa angalia ndani ya tangi. Haya mafuta ya ATF, yale ya gia za otomatiki, ni mekundu. Hapa yamekuwa ya waridi na yana povu. Huo ni upepo. Zima, subiri povu litulie, rudia. Usishushe gari mpaka uone wekundu safi.

Tukiwa bado kwenye stendi, tuone hozi. Zima injini kwanza. Dogo, peleka usukani mwisho wa kushoto. Tazameni hii hozi ya chini: imekaza, na hapa inaposugua chasisi ngozi ya juu imelika mpaka nyaya zinachungulia. Hii haitengenezwi kwa tepu. Inatoka, inawekwa ndefu kidogo, inapitishwa mbali na chuma na mbali na ekzosi. Na usipapase hozi kwa mkono pampu ikizunguka. Mafuta yenye presha yakitoka kwenye kitundu kidogo yanapenya ngozi, na hilo ni la kukimbilia hospitali hata kama hupati maumivu. Tumia kipande cha kadibodi kutafuta panapovuja.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanajitengenezea gari la kutisha. Silinda hii ina kipenyo cha ndani cha milimita 63.5, fimbo ya milimita 38, na inatembea milimita 203. Inachukua mafuta takriban sisi 410 (cc, yaani sentimita za ujazo) kutoka mwisho hadi mwisho. Ukifunga obitali ya sisi 160, usukani unazunguka mara mbili na nusu hivi tu. Kwenye mawe, safi sana. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, ukipiga chafya umehama njia. Obitali ya sisi 100 inakupa mizunguko minne, na ndiyo ningechagua kwa gari linaloonja lami.

Shusha gari. Nyoosha tairi, bandika tepu juu kabisa ya usukani. Washa, nenda kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, rudia rudia, kisha nyoosha tairi tena. Tepu iko wapi? Yetu imehamia kulia, kama ilipo namba 2 kwenye uso wa saa. Ni kawaida ya mfumo huu, mafuta yanapita kidogo ndani ya vali na hakuna chuma cha kuurudisha usukani mahali pake. Lakini sikilizeni: rudia kipimo hiki mafuta yakiwa ya moto. Safari ndefu pampu inazunguka kwa kasi, mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanavuja zaidi ndani. Gari lililofaulu asubuhi linaweza kufeli saa nane mchana. Usukani ukiendelea kuzunguka kwa urahisi hata baada ya tairi kufika mwisho, huenda obitali imechoka.

Kipimo cha mwisho kifanyieni uwanjani, patupu, gari limesimama. Zima injini, zungusha. Obitali nyingi hapo zinageuka pampu ya mkono, kwa hiyo tairi zinasogea, ila utatumia nguvu zako zote. Hozi ikipasuka hata hiyo hakuna. Utazungusha usukani na gari litaendelea linakotaka.

Washa, tembea polepole, kata kona, halafu achia usukani kidogo. Umeona? Haurudi. Obitali ya kawaida inafunga mafuta ndani ya silinda, kwa hiyo lazima uunyooshe mwenyewe baada ya kila kona. Zipo obitali zinazoruhusu tairi kuurudisha. Zinataka silinda yenye fimbo pande zote mbili kama hii yetu, na kwa barabarani ni bora kuliko obitali hii.

Bora zaidi ni kurudisha stelingi boksi, ukaitoboa matundu mawili na kuilisha silinda ndogo ya kusaidia. Nguvu ya haidroliki unayo, na hozi ikipasuka bado kuna chuma kati yako na tairi. Usukani utakuwa mzito, lakini utafika pembeni. Boksi la gari hili lipo pale mezani, limeshaoshwa. Video ijayo tunaonyesha pa kulitoboa na pa kutopagusa.