Saketi za mwanga: vipande vilevile, safari nusu

MWAJUMA: Karibuni tena. Tupo Ujiji, na huo mngurumo mnaousikia ni jenereta ya jirani, umeme umekatika. Leo kaka Hamisi kaleta mada ya kompyuta ya kwanta, ile inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kabisa, na hii inatumia mwanga. Haya mwalimu, polepole.

HAMISI: Asante, dada. Anza na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Fotoni, yaani chembe za mwanga, mbili zinazofanana kabisa zikikutana hapo, kila moja ikitokea upande wake, zinatoka pamoja, upande huu au ule. Wanafizikia Hong, Ou na Mandel walilionyesha hilo mwaka 1987.

MWAJUMA: Zinasukumana?

HAMISI: Wala hazigusani! Sasa, mwaka 1994 Reck na wenzake wakaonyesha kuwa ukipanga vioo hivyo pamoja na vibadili-awamu, yaani vifaa vya kusogeza mawimbi ya mwanga mbele au nyuma kidogo, kwa umbo la pembetatu, unapata saketi yoyote ya aina hii unayoitaka. Kwa njia 100 za mwanga unahitaji makutano 4,950, yaani sehemu ambapo njia mbili zinakutana kwenye kioo.

MWAJUMA: Yote hayo kwenye chipu moja?

HAMISI: Chipu ya silikoni inachorwa tu, hilo tuwaachie mafundi wake. Mimi nauliza fotoni moja inapita makutano mangapi. Kwenye pembetatu, safari ndefu kuliko zote ni 197. Mwaka 2016 Clements na wenzake wakayapanga makutano yaleyale 4,950 kwa umbo la mstatili, safari ikashuka hadi 100.

MWAJUMA: Kumbe ni kama gunia la dagaa likitoka Kibirizi, kila mkono unaolipokea unachota.

HAMISI: Hapo hapo! Tuseme kila makutano yanapitisha asilimia 99. Baada ya 100, fotoni ina nafasi ya asilimia 37 hivi ya kufika. Baada ya 197, ni 14. Hiyo ni moja. Ukitaka zifike zote 10, hata kwenye mstatili ni kama mara 4 katika 100,000.

MWAJUMA: Mbona basi watu wanaendelea?

HAMISI: Kwa sababu si lazima ujenge saketi moja kubwa. Knill, Laflamme na Milburn, mwaka 2001, walithibitisha kuwa vioo, fotoni mojamoja na vitambuzi, yaani vifaa vya kupima fotoni imefika wapi, vinatosha kompyuta kamili. Kule kupima ndiko kunakozifunga fotoni pamoja. Ila lango lao la msingi, yaani hatua moja ya ukokotoaji kati ya fotoni mbili, lilifaulu mara 1 katika 16. Mwaka 2005 Browne na Rudolph wakaja na njia ya kuunga vifungu vidogo vya fotoni zilizokwisha kufungwa pamoja, hadi kiwe kifungu kikubwa. Kuunga kwenyewe kunafaulu nusu ya majaribio, lakini kukishindikana hupotezi kila kitu. Kwa maoni yangu ukubwa utatokea huko: saketi fupi, nyingi, zinazojirudia, fotoni ipite vioo vichache ipimwe.

MWAJUMA: Na joto? Maana hivyo vibadili-awamu nasikia vinapashwa moto.

HAMISI: Vingi, ndiyo, na joto linamtambalia jirani likavuruga awamu yake. Halafu vitambuzi bora vinataka baridi ya digrii chache tu juu ya sifuri halisi, baridi ambayo huwezi kushuka chini yake. Kuviweka pamoja ni ugomvi.

MWAJUMA: Mwanafunzi wa hapa Kigoma asiye na chipu aanzie wapi?

HAMISI: Kwenye matriki, yaani majedwali ya namba yanayoeleza saketi. Njia 4, makutano 6 tu, laptopu ya kawaida inatosha. Aandike programu ya pembetatu na ya mstatili, kila makutano ayakate asilimia 1, alinganishe. Akikwama aje Jumamosi, mimi nipo.