Mvua Ikinyesha, Nauli ya Nairobi Inapanda

Asanteni. Mliosimama kule nyuma, huku mbele kuna viti, karibuni.

Nianze na swali ambalo kila mkazi wa Nairobi amewahi kuliuliza akiwa amelowa. Gari lilelile, njia ileile: asubuhi umelipa shilingi 50, jioni mawingu yanatanda na konda anataka 100. Tunasema ni tamaa. Tamaa ipo, sikatai, ila haimalizi habari.

Mji huu ulizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa kwenye bwawa, mahali ambapo Wamaasai walipaita maji baridi, mafundi wakapiga kambi na kujenga karakana. Ofisi zikafuata stesheni, maduka yakafuata ofisi, viwanda vikawekwa kusini ya njia ya reli. Wafanyakazi Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na kuendelea, Wazungu wakajitwalia vilima vya magharibi. Barabara zote zikaelekea tao, yaani katikati ya jiji. Ndiyo sababu mtu wa Kawangware anayefanya kazi Industrial Area hupanda gari hadi katikati ya jiji, akakatiza kwa miguu, halafu akapanda jingine. Nauli mbili kwenda, mbili kurudi.

Nani humbeba? Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza mwaka 1934, lakini mji ulikua haraka kuliko mabasi yake. Magari ya watu binafsi yakajaza pengo kwa sarafu tatu za senti kumi. Tatu kwa Kikuyu ni matatu, na jina likabaki hata nauli ilipopaa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akayaruhusu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi. Mwaka 2004 zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni. Nidhamu iliongezeka, kwa muda. Mfuko haukuguswa.

Na mambo yote yako kwenye mfuko. Tajiri mwenye gari kwa kawaida hamlipi dereva mshahara wa mwezi. Anataka hesabu, wengine huiita tageti: kiasi kimoja, kila jioni, iwe jua iwe mvua. Kuna mafuta, ada ya sacco (chama cha ushirika cha wenye magari), manamba wanaoita abiria stejini, na kile kinachopotelea njiani, mnakijua. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Tena asubuhi gari huingia tao limejaa na kurudi Istlandi, mitaa ya mashariki, karibu tupu, kwa hiyo abiria wa upande mmoja analipia pande zote mbili.

Sasa tuseme siku kavu gari linapiga raundi nane. Mvua inanyesha, Jogoo Road, njia ya kwenda Istlandi, inafungana, raundi zinabaki tano. Hesabu haijapungua hata shilingi. Siku moja mtazameni konda vidole: noti kazikunja kwa urefu, kazipachika katikati ya vidole, za mia zake, za hamsini zake. Anazisoma kama saa. Kabla hesabu haijatimia, kila noti ni ya tajiri. Ikishatimia, ni unga wa nyumbani kwake. Ikifika saa kumi na mbili jioni bado yuko nyuma, nanyi mmejazana stejini mnatetemeka, bei ataipanga nani?

Mwaka 2022 tulifunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Kwa anayewahi ndege ni neema. Lakini piteni Mombasa Road alfajiri muangalie chini ya nguzo zake: watu wanatembea, viatu vya kazini wamevitia kwenye mfuko ili visishike matope. Hawa hata nauli ya siku kavu hawaimudu, na bado saa mbili kamili wanatakiwa wawe kwenye mashine.

Tuingie kwenye maswali. Dada mwenye mwavuli, anza wewe.