Kumalizia Bapa la Kisu kwa Mkono: Mhadhara kwa Mafundi wa Mwanza

Ndugu mafundi, nanyi mama zangu mliotoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuja kutusikiliza, nawashukuru. Leo sitazungumzia kufua chuma wala kukichovya kwenye mafuta. Nitazungumzia kazi inayofuata, ambayo wengi wetu huifanya harakaharaka kwa kuwa mteja amekwisha kulipa na anasubiri mlangoni.

Kisu cha springi ya gari, hata kikisawazishwa vizuri kwa tupa, hubaki na mikwaruzo. Mpasua sangara anaijua hasara yake, kwa sababu humo ndimo hujificha maji, damu na utelezi wa samaki, na ndimo kutu inapoanzia hata kama kisu kimefutwa kwa kitambaa. Kwa hiyo msasa mimi siuhesabu kuwa urembo.

Anzeni na msasa namba 120, kabla kisu hakijanolewa; namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi. Uzungushieni kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, maana msasa ulioshikwa kwa vidole peke yake hufuata mabonde na kuzilegeza kona mlizozichonga kwa taabu. Pigeni kwa mapana ya bapa. Mkihamia namba 220, pigeni kwa mshazari, na kwenye namba 400 geuzeni mshazari upande wa pili, huku mkidondoshea maji yenye sabuni ili unga wa chuma usizibe msasa. Mwelekeo unabadilishwa ili mkwaruzo wa zamani ukatane na mipya na uonekane. Nendeni na kisu dirishani, mkigeuze polepole mwanga ukikipiga kwa ubavu. Mstari mmoja ukilala tofauti na wenzake, rudini kwenye namba iliyotangulia. Namba 600 haitauondoa kwa urahisi, bali itang'arisha pembeni mwake na kuufanya uonekane zaidi.

Mapigo ya mwisho yaende upande mmoja tu, kutoka mpinini hadi nchani, kwa msasa mpya. Mkienda na kurudi, kila mnapogeuza mkono hubaki alama ndogo iliyopinda kama ndoana. Kwa kisu cha samaki naishia namba 600. Kukifanya king'ae kama kioo ni kazi ya siku nzima ambayo mvuvi haihitaji.

Miaka ya nyuma niliwahi kuona uvivu kurudi nyuma kwa ajili ya mkwaruzo mmoja, nikakipeleka kisu kwenye grenda. Makali yakageuka buluu. Rangi hiyo huja kwenye nyuzi 300 hivi, nami nilikuwa nimekirudisha motoni kwa nyuzi 200 tu baada ya kukichovya kwenye mafuta, basi ugumu wake ukapotea pale pale. Mama mwenye kisu hicho alikirudisha baada ya siku mbili, makali yamejikunja kwenye uti wa sangara, nikamrudishia pesa yake. Tangu hapo, kisu kilichokwisha kupita motoni nakimaliza kwa mkono.

Makali huja mwisho, kwa jiwe. Pitisheni kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Mkihisi ukingo mwembamba umekunjikia upande wa pili, jiwe limefika. Utoeni kwa mkanda wa ngozi, mkikivuta kisu mgongo ukitangulia.

Mezani nimeweka visu viwili, kimoja kimeishia namba 220 na kingine 600, vyote vililala usiku kucha na utelezi wa sangara. Vipitisheni mkono kwa mkono, mvishike kwenye mpini.