Kabla ya Kumpa Manusura Kipaza Sauti

Ndugu zangu mnaoendesha makazi salama na mashirika ya misaada, leo nina jambo moja tu: tunawaharakisha mno manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu kupanda jukwaani.

Mtu ametoka juzi mikononi mwa waliomuuza. Pasipoti hana, usingizi haumjii, na kwao wapo wanaodai nauli aliyokopeshwa. Sisi tunamwomba asimulie alivyoteswa. Ukumbi unalia, wafadhili wanaguswa, naye anarudi kulala peke yake na machungu yaliyotoneshwa upya. Silikubali hilo hata kidogo.

Kifungu cha 6 cha Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, kinataja misaada kwa waathirika: makazi, ushauri nasaha, matibabu, ajira na mafunzo. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 dhidi ya usafirishaji huo unampa mwathirika aliye ugenini bila kibali angalau siku 30 za kupata nafuu na kutafakari, ndipo aamue kama atashirikiana na vyombo vya dola. Ikiwa hata polisi wanatakiwa kusubiri, sisi haraka yetu ni ya nini?

Wapo ambao hawatasema hadharani maisha yao yote. Tuwaache, na msaada wao usipungue hata chembe.

Anayetaka kuwa mtetezi, mwelezeni mapema kwamba picha ikishaingia mtandaoni hairudi. Achague mwenyewe kama jina lake litumike. Akighairi asubuhi ya mkutano, asidaiwe sababu. Na alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote, maana ni mtaalamu kweli. Anajua maneno ambayo wakala wa kazi za ng'ambo humlainishia mtu. Anajua swali ambalo, kama afisa wa mpakani angemuuliza kando, mbali na aliyemsindikiza, huenda angejieleza. Anajua kwa nini bango lenye namba ya msaada halimfai aliyenyang'anywa simu. Hayo ndiyo ya kumuuliza, tuache kumchokonoa makovu.

Marekani iliunda kwa sheria, mwaka 2015, baraza la manusura la kuishauri serikali. Nasi tuanze kwa kuwaweka manusura kwenye bodi zetu, tena asiwe mmoja tu: aliyetumikishwa ndani ya nyumba ya watu hawezi kumsemea aliyefungiwa kwenye meli ya uvuvi. Bajeti zenu za mwaka ujao bado hazijapitishwa. Wekeni humo malipo yao.